Pampu ya bwawa la bustani: achana na hosi pawa, soma lita na kimo

Karibu kila mteja anayetaka bwawa la samaki wa mapambo huniuliza kwanza, "Fundi, ninunue ya hosi pawa ngapi?" Ni swali la mtu aliyezoea pampu za kupandisha maji kwenye tenki la juu, na huko lina maana yake. Kwenye bwawa la bustani litakutia hasara.

Chukua ile pampu ndogo ya nusu hosi pawa inayouzwa karibu kila duka la vifaa vya maji Kariakoo. Inakula wati 370 hivi. Kibati chake kinasema inasukuma maji mita 30 au zaidi kwenda juu, jambo zuri kwa nyumba ya ghorofa, lakini maji yenyewe ni lita 35 au 40 kwa dakika, tena yakiwa hayapandi popote. Maporomoko mengi ya bustani hayafiki hata mita 2. Umelipia kimo ambacho hutakitumia, na wingi wa maji uliokuwa unauhitaji umeukosa. Tena ndani ya pampu hiyo, nafasi kati ya impela (gurudumu linalosukuma maji) na ganda ni nyembamba mno. Imeundwa kwa maji safi, na mchanga kidogo tu unatosha kuikwamisha.

Halafu kuna LUKU, umeme wa kulipia kabla. Pampu ya tenki huwashwa nusu saa ikazimwa, ya bwawa hukesha. Wati 370 kwa saa 24 ni karibu uniti 9 kwa siku, na kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 266. Wateja wadogo wa TANESCO, wale wanaouziwa umeme kwa bei ya chini, hawatakiwi kuvuka uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo pampu peke yake imeshauruka mpaka huo mara tatu na ushee, hata friji hujaiwasha. Pampu ya bwawa ya kuzamisha majini, ya wati 60, inakula uniti 43 tu kwa mwezi, na ikiwa nzuri itakupa lita 3,000 kwa saa kwenye kimo cha mita moja na nusu.

Basi tuanze na lita. Pima urefu, upana na kina cha bwawa kwa mita, zidisha vyote, kisha zidisha kwa 1,000. Bwawa la mita 4 kwa 2, lenye kina cha sentimita 75, lina lita 6,000. Kwa samaki wachache wa rangi au perege wa kutazama, maji yote yapite kwenye chujio mara moja kila saa mbili, yaani lita 3,000 kwa saa. Ukitaka koi, wale samaki wakubwa wa mapambo ambao wanakula sana na kuchafua maji sana, hesabu mara moja kila saa: lita 6,000. Kama ni mayungiyungi tu bila samaki, punguza, na usiyarushie maji juu, kwa sababu yungiyungi hupenda maji yaliyotulia. Maporomoko yana hesabu yake pia. Kwa pazia zuri la maji, tenga lita 150 hivi kwa saa kwa kila sentimita ya upana wa mdomo. Mdomo wa sentimita 30 unataka lita 4,500. Ikiwa hesabu mbili zinapishana, fuata iliyo kubwa.

Wengi hujikwaa kwenye kimo. Boksi la pampu huandikwa, kwa mfano, lita 5,000 kwa saa na kimo cha juu mita 3. Mnunuzi anasoma kwamba atapata lita 5,000 zikipanda mita 3. Hapati. Lita 5,000 ni pale maji yasipopanda kabisa, na mita 3 ni pale yanapofika juu yakasimama, hakuna hata tone linalotoka. Kati ya ncha hizo mbili, kimo kikiongezeka lita zinapungua. Pampu za kuaminika huja na mchoro wa mstari unaoonyesha lita kwa kila kimo. Kama boksi halina mchoro na muuzaji hana, chukulia kwamba nusu ya kimo cha juu itakupa nusu ya lita, basi utakuwa salama.

Kimo chenyewe hupimwa kutoka usawa wa maji, si kutoka pampu ilipolala. Mama mmoja wa Mbezi aliniambia, "Fundi, pampu iko mita moja chini ya maji na maporomoko ni mita moja na nusu, kwa hiyo nitafute ya mita mbili na nusu." Hapana, mama. Maji ya bwawa yanajipandisha yenyewe ndani ya bomba hadi usawa wa bwawa, na kazi ya pampu inaanzia hapo. Kimo chako ni mita moja na nusu, ukiongeza kidogo kwa msuguano wa bomba.

Msuguano huo usiudharau. Lita 4,000 kwa saa kwenye mpira wa nusu inchi zingelazimika kukimbia zaidi ya mita 8 kwa sekunde, kitu ambacho pampu ya bwawa haiwezi. Kwenye bomba la inchi moja na robo, mwendo unashuka hadi karibu mita moja na nusu. Ukipunguza kipenyo nusu huku maji yakiwa yale yale, msuguano hupanda karibu mara 32. Nimeona pampu ya bei kubwa ikinyongwa na mpira wa kumwagilia maua kwa sababu mwenye nyumba alikuwa nao stoo. Weka bomba pana, kona chache, na kama maji yamezidi, yapunguze kwa koki upande wa kutokea. Upande wa kuvutia usiubane kamwe.

Kuhusu sola, wateja huniuliza sana. Zile pampu zenye paneli ndogo bila betri zinafaa kwa chemchemi ya kupendeza macho mchana. Kwa samaki ni hatari, kwa sababu zinalala wakati ambapo samaki wanazihitaji zaidi. Mwani na mimea ya majini hutoa oksijeni penye mwanga, lakini usiku nayo inaivuta, na kiwango huwa chini kabisa kabla ya alfajiri. Pwani joto linaongeza tatizo: maji baridi ya nyuzi 20 hushika miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hushika 7.5. (Wenzetu wa Nairobi wasijidanganye na ubaridi wao. Mwinuko wa mita 1,700 unapunguza mgandamizo wa hewa, na maji yao ya nyuzi 20 yanaishia karibu pale pale pa Dar.)

Umeme ukikatika usiku ni shida ile ile. Badala ya jenereta, mimi huweka pampu ndogo ya hewa ya wati 5 na betri ya volti 12, ampia-saa 7. Kwa saa 8 itatumia wati-saa 40, nusu hivi ya betri, na mapovu yanatosha kuwavusha samaki.

Usalama hauna mjadala: waya wa ethi uwepo, saketi iwe na breka ya kukata umeme ukivuja kwa miliampia 30, na hakuna kiungo cha waya ndani ya maji, hata kikifungwa tepu mara kumi.

Pampu iweke juu ya tofali, sentimita 20 kutoka chini. Hainyonyi tope, na bomba likichomoka usiku inakosa maji kabla bwawa halijakauka. Inaweza kuungua kwa kukimbia kavu, lakini samaki watakuwa bado na maji.

Ukishafunga, kinga ndoo ya lita 20 pale maji yanapotokea na uhesabu sekunde. Gawa 72,000 kwa sekunde hizo, utapata lita kwa saa. Ndoo ikijaa kwa sekunde 24, una lita 3,000. Andika namba hiyo ukutani kwa penseli. Siku ndoo itakapochukua sekunde 35, usikimbilie dukani. Fungua wavu wa pampu kwanza, mara nyingi utakuta majani na mwani. Sponji za chujio zioshe kwenye ndoo ya maji ya bwawa, si kwenye bomba la mji, maana klorini huua bakteria wanaoshughulikia amonia ya samaki.