Itakuja Kahawia

Rangi ndiyo huwachanganya mabinti kwanza. Wanatarajia wekundu wa kidole kilichokatwa na kisu, kumbe hedhi ya kwanza mara nyingi huja kidogo tu, ya kahawia kama kutu. Binti mmoja wa darasa la sita alinisimulia alivyofua chupi siku mbili mfululizo akidhani tumbo limemharibika. Hakulia. Alilia siku ya tatu, mama alipogundua na kumwambia: "Sasa ole wako nikuone na wavulana."

Mimi ni muuguzi, nashauri vijana hapa Dar es Salaam. Nikimuuliza binti alijisikiaje alipovunja ungo, mara nyingi hunijibu kwa kunitajia alichoambiwa.

Bibi wa Kizaramo ninaozungumza nao husimulia mengine. Hofu walikuwa nayo, maana hawakudokezwa lolote kabla. Siri ilifunguliwa damu ikishatoka. Kisha akaitwa kungwi, mwali akawekwa ndani, akafundwa, na siku ya kutolewa akachezewa ngoma, vigelegele na khanga mpya. Wanacheka wakikumbuka. Ukiwaacha waendelee, hugusia pia upweke wa kule ndani, wakisikia wenzao wakicheza uani.

Sitamani yote yarudi. Kumfunda mtoto wa miaka 12 mambo ya unyumba eti kwa kuwa ametokwa damu, hapo mimi na makungwi hatuelewani. Ila walikuwa na jambo moja: binti alijua wa kumwendea. Mama hakutakiwa kuzungumza naye mambo hayo. Kazi ilikuwa ya somo, yaani mwanamke wa kumfundisha: bibi au shangazi. Leo shangazi yuko Kisarawe, binti yuko Mbagala, na mama amebaki na mwiko bila msaidizi. Anachokimudu ni onyo.

Kwa hiyo nawaomba akina mama wamteue somo mapema, matiti yakianza tu kuchomoza. Kwa kawaida hedhi hufuata baada ya miaka 2 hivi, muda wa kutosha kuzoeana. Anaweza kuwa jirani. Hata dada.

Yule binti wa darasa la sita sasa yuko sekondari, na ana mdogo wake wa miaka 10. Juzi walikuja pamoja. Dada mtu alikuwa ameshamwonyesha pedi inavyobandikwa, na alimwambia mbele yangu: "Itakuja kahawia. Usifue, niite."