Kufufua Land Rover ya zamani: hesabu za gereji na hesabu za kweli

Tamasha la Land Rover la Arusha, Oktoba 2024, liliwaonyesha wengi jambo ambalo watu wa Kaskazini walikuwa wanalijua siku zote: gari hizi bado zipo, na baadhi zina umri mkubwa kuliko madereva wake. Series II ilianza kuuzwa mwaka 1958, Series III ikakoma kutengenezwa 1985, na katikati hapo ndimo zimo zile ndefu ziitwazo 109 (inchi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) zilizombeba bwana shamba, mganga wa misheni na askari wa wanyamapori. Zilizobaki nyingine zimelala nyuma ya nyumba, matairi yamezama ardhini, na mwenyewe kila Krismasi anasema mwakani ataifufua. Kufufua kunawezekana, mafundi wapo na spea zipo. Pagumu ni kwenye hesabu, na hesabu huharibiwa na maneno machache yanayosemwa gereji kwa uhakika mkubwa.

"Naandika kila ninacholipa, kwa hiyo gharama naijua"

Unachojua ni ulichokwisha kutoa. Ukishashusha injini ukaipeleka kuchongwa, umejifunga na mengine ambayo hela yake bado iko mfukoni. Gasketi utanunua seti nzima. Raba za kushikia injini zimekakamaa, utabadilisha. Klachi utaiangalia, kwa sababu giaboksi liko wazi na hakuna mwenye akili atakayelirudisha na sahani iliyoisha. Siku hiyo hujalipia hata kimoja, na daftari lenye safu ya "nimelipa" peke yake litakuonyesha mradi unaokwenda vizuri kabisa.

Daftari linalosaidia lina safu tatu kwa kila kazi: kilicholipwa, kilichokwisha kuamuliwa ila hakijalipwa, na makadirio ya kilichobaki. Jumla ya hizo tatu ndiyo bei ya kazi hiyo kwa leo. Tuseme breki ulizikadiria shilingi 600,000. Umeshalipa 250,000 za silinda za magurudumu, umeagiza mabomba ya 100,000, na safu ya mwisho inasema zimebaki 250,000. Asubuhi fundi anapiga simu: ngoma mbili za breki zimechimbika, hazifai kuchongwa tena. Hiyo 250,000 ya safu ya mwisho imeshakufa, ibadilishe kabla hujakata simu. Wanaofanya hesabu vibaya huiacha ilivyo mpaka ngoma zinunuliwe, kisha wanashangaa bajeti "imepasuka" wakati ilipasuka siku nyingi.

Daftari la kaunta au jedwali la kompyuta, yote sawa. Jedwali linajumlisha lenyewe. Daftari halihitaji chaji na fundi anaweza kuliandika kwa mkono wenye grisi.

"Bodi ni aluminiamu, hailiwi na kutu, kwa hiyo huko hakuna gharama"

Nusu yake ni kweli, na ndiyo maana uongo wake unapita. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza, kwa hiyo Rover walipoonyesha gari lao la kwanza Amsterdam, Aprili 1948, mabati ya nje yalikuwa ya mchanganyiko wa aluminiamu uitwao Birmabright. Lakini chesisi ni chuma. Ukuta unaotenganisha injini na abiria ni chuma. Fremu za milango ni chuma. Tena pale aluminiamu inapogusana na chuma, maji yakakaa katikati, hasa maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa: utaona unga mweupe umezunguka ribiti na bati limevimba. Land Rover iliyoishi Tanga au Mombasa iangalie hapo kabla hujauliza lolote kuhusu injini.

Kisha lala chini yake na nyundo ndogo na bisibisi. Gonga chesisi kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa na bisibisi inazama. Anzia kwenye boriti ya nyuma kabisa, uje kwenye vishikio vya springi, umalizie na ile mikono inayotoka kwenye chesisi kushika ukuta wa mbele. Juu ya mikono hiyo hukaa tope la miaka, na tope hutunza unyevu, kwa hiyo hata gari la Babati ambalo halijawahi kuona bahari linaweza kuwa limekwisha hapo.

Kazi ya namna hii haina bei mpaka ifunguliwe. Fundi wa kuchomelea anakata bati la sakafu lililotoboka kama sahani, anakuta nguzo ya mlango nayo imeoza kwa chini. Akikata nguzo, bawaba inakosa pa kushika, na mlango uliokuwa unafunga vizuri asubuhi sasa unahitaji kupangwa upya. Ndiyo sababu siafiki ile tabia ya kuweka asilimia kumi ya dharura juu ya mradi mzima. Dharura iwekwe mahali palipofichika. Kwenye breki unaweza kupanga kila kifaa juu ya meza ukakihesabu, dharura yake ni ndogo. Kwenye chesisi na ule ukuta wa mbele, andika namba mbili, ya chini na ya juu, na upange fedha kwa ile ya juu.

"Spea zake zimejaa, tena bei poa"

Kujaa zimejaa. Injini ya lita 2.25 ilitengenezwa kwa zaidi ya miaka 25, vitu vingi vinaingiliana kati ya Series moja na nyingine, na ukizunguka Gerezani Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi hukosi wa kukuuzia. Shida ni kwamba kifaa kimoja kina bei tatu: kilichotolewa kwenye gari lililokufa, kipya cha kuigiza, na kilichoagizwa Uingereza. Andika umenunua kipi kati ya hivyo, na tarehe kilipofungwa. Mastasilinda ya bei rahisi inayovuja baada ya miezi mitano umeilipia mara mbili, pamoja na mafuta ya breki na ufundi, na bila tarehe hutaliona hilo, utadhani gari lina mkosi.

Bei ya kuagiza nayo haisomwi kwenye tovuti ya muuzaji. Forodha hukokotoa ushuru juu ya bei ya kifaa pamoja na usafirishaji na bima, kisha VAT inakokotolewa juu ya jumla hiyo na ushuru wake ndani. Chukua mfano. Kifaa ni sawa na shilingi 400,000, nauli na bima 180,000. Msingi unakuwa 580,000. Kama ushuru wa kifaa hicho ni asilimia 25, ongeza 145,000, umefika 725,000. VAT ya Tanzania ni asilimia 18, yaani 130,500. Hapo ni 855,500, na bado hujamlipa wakala wa kutoa mzigo wala tozo nyingine za forodha. Kifaa cha laki nne kimekuwa cha laki nane na nusu bila mtu yeyote kukuibia. Asilimia ya ushuru hutofautiana kwa aina ya kifaa, kwa hiyo muulize wakala kabla hujalipa. Na uandike shilingi zilizotoka kwako siku ya malipo. Ukiandika pauni na kubadili mwisho wa mwaka, utapata namba ambayo hukuilipa popote.

Kuna upotevu mmoja unaouma zaidi kwa sababu hufanywa kwa nia njema: kununua pistoni na beringi mapema "zikiwa zipo". Injini hizi zikichongwa, silinda hupanuliwa na kranki husagwa kwa hatua za sehemu ya elfu moja ya inchi, kumi, ishirini, thelathini, na pistoni na beringi lazima zifuate kipimo kilichopatikana. Isitoshe, hadi 1980 kranki ilikaa kwenye beringi kuu tatu, baada ya hapo tano. Seti uliyoichukua kwa furaha inaweza isiingie kabisa. Mpaka fundi wa kuchonga aandike vipimo kwenye karatasi, safu ya pistoni ibaki makadirio.

"Na fundi tumeshapatana, bei ni hiyo"

Mlichopatana ni mikono yake. Simu itakuja saa nne asubuhi: "Bosi, nitumie elfu hamsini ya gesi." Kesho fito za kuchomelea, keshokutwa msasa, thina, boluti, kopo la grisi, bodaboda ya kufuata boluti. Kwa rangi, vitu hivi vinavyoisha vyenyewe vinaweza kushindana na ufundi wenyewe. Hakuna anayekudanganya. Ndivyo kazi ilivyo, ila hakuna aliyeitaja mlipokuwa mnapatana.

Na kila unapotuma, unaweka "na ya kutolea". Elfu hamsini haikutoka elfu hamsini. Ilitoka pamoja na makato ya kutuma na hela ya kutolea uliyoongeza. Kwa kuwa malipo ni madogo madogo, makato nayo ni mengi mengi. Uzuri wa simu ni kwamba ujumbe wa muamala ni risiti yenye tarehe na saa, ambayo wauzaji wengi wa mtaani hawakupi. Kila jioni ya malipo hamishia ujumbe ule kwenye daftari ukiandika ilikuwa ya kazi gani. Ukiacha ujumbe ukae mpaka mwisho wa mwezi, "50,000" itakuwa ya gesi, ya rangi au ya chakula cha vijana, na wewe na fundi hamtakumbuka.

Kupatana kwa hatua kunasaidia kuliko kupatana kwa gari zima. Hatua iwe kitu kinachoonekana: chesisi imechomelewa na kupakwa rangi, injini imewaka na haivuji. "Nusu ya kazi" haipimiki, na malipo yake ndiyo huleta ugomvi.

"Nikifanya mwenyewe ni bure"

Ufundi utakuwa bure, vifaa havitakuwa. Series zina mchanganyiko wa nati za vipimo vya kale vya Kiingereza na za inchi, na spana zako za milimita zitazichakaza vichwa. Spana na jeki viweke ukurasa wake, usivichanganye na gharama ya gari. Gari likiondoka vitabaki kwako.

"Tupa hiyo injini, weka ya Toyota, utaokoa"

Ushauri huu hutolewa na watu wenye uzoefu, na kwa gari la kazi naweza kukubaliana nao. Injini ya dizeli ya Kijapani hupata spea kila mji. Kosa liko kwenye kulinganisha bei ya injini na bei ya kuchonga injini. Upande wa Toyota ongeza bamba la kuunganisha injini na giaboksi, vishikio vipya vya kuchomelea kwenye chesisi, rejeta, bomba la moshi, nyaya, na pengine kukata au kurefusha propela shafti. Ongeza pia ufuatiliaji wa kadi ya gari, maana namba ya injini iliyoandikwa mle haitakuwa hiyo tena. Kisha kumbuka giaboksi la Series halikutengenezwa kwa injini yenye nguvu kubwa kuliko yake, likianza kulia hilo nalo ni la hesabu hii hii. Panga kurasa mbili zinazotazamana, kila upande na safu zake tatu, ndipo uamue. Na kama unataka gari la ukale wake, la kuonyesha na kutunza, injini ngeni inashusha thamani ile ile unayoitafuta.

"Nikimaliza nitauza, hela inarudi"

Mnunuzi hulipia gari analoliona, halipii risiti zako. Gari lililokula milioni thelathini linaweza kupata mteja wa milioni kumi na nane, na mteja huyo hajakosea. Hata hivyo jalada lenye picha za chesisi ikiwa wazi, karatasi ya vipimo vya injini na risiti zilizopangwa kwa kazi lina faida yake: linamwonyesha mnunuzi kilichomo chini ya rangi, na ukikata bima kubwa unakuwa na cha kumwonyesha mthamini anapotaka kuandika thamani ya gari kuukuu lolote.

Jalada hilo lina kazi kubwa zaidi kwa anayeuza kabla hajamaliza, na wapo wengi. Gari lililofunguliwa likauzwa bila orodha huuzwa kwa bei ya chuma chakavu, kwa sababu mnunuzi hajui kama boksi lililo kwenye kona ya stoo lina giaboksi kamili au mabaki. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ya kufungua, kila kilichotolewa kiingie kwenye mfuko wenye karatasi: kimetoka wapi, kinarudi au kimekufa, na cha kubadilishia kimenunuliwa au bado. Namba ya mfuko iandikwe kwenye daftari pembeni ya kazi yake. Boluti za milango peke yake zitajaza mifuko minne.