Siku mbili Mwanza: wanayoambiwa wageni na yalivyo kweli

Anayekuja Mwanza kwa mara ya kwanza, tena wikiendi tu, huwa ameshashauriwa na kila mtu kabla hajapanda basi au ndege. Ushauri mwingine ni mzuri. Mwingine unamnyima safari, na inaniuma mgeni akiondoka hapa na picha ya Jiwe la Bismarck, lile la ziwani, peke yake.

Dhana: "Mwanza ni pa kulala tu ukielekea Serengeti."

Ni kweli geti la Ndabaka liko barabara hii ya Musoma, na wengi hupitia hapa. Lakini hili ni jiji la pili kwa ukubwa nchini. Reli ilifika mwaka 1928, na tangu hapo mizigo na watu wa pande zote za ziwa wanakutana hapa. Siku mbili zinajaa zenyewe.

Dhana: "Hakuna makumbusho."

Yapo, ila hayako katikati ya mji, na ndiyo maana wengi hawayafiki. Panda daladala za Kisesa, mwendo wa kilomita kama 20 kutoka mjini, kisha bodaboda hadi Bujora. Ukiwakuta akina mama barabarani asubuhi, wasalimie: "Mwangaluka, mayu." Utaona nyuso zinavyofunguka.

Makumbusho ya Wasukuma yalitokana na kazi ya Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanza utume wake Bujora miaka ya 1950. Alitaka ibada ifanyike kwa sura ya watu wa pale, ndiyo maana kanisa lake ni la duara kama nyumba ya Kisukuma. Jirani kuna banda la kifalme lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na ndani yake zimehifadhiwa ngoma za watemi, yaani machifu wa Kisukuma. Mwombe mwenyeji akutembeze, usizunguke peke yako. Bila maelezo, ngoma utaiona ni ngozi na mti tu.

Muulize habari za Bagika na Bagalu. Hivi ni vyama viwili vya wachezaji vilivyotokana na waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana kujua nani mwenye dawa kali zaidi. Ushindani huo haujaisha. Vyama hivi hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi upande wake. Hakuna majaji wa kukaa mezani. Umati ukihama, umeshindwa. Basi kila upande unatafuta kitu cha kuwashika watu: huyu ameingia na chatu, yule anarusha jembe juu na kulidaka bila kupoteza mdundo, kwenye bugobogobo, ngoma ya majembe. Kama unaweza kuchagua tarehe, njoo mwezi wa Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi, wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma. Hapo ndipo mashindano yanapopamba moto.

Dhana: "Wale wa nyoka ni wachawi."

Hapana. Bayeye ni chama cha watu wanaojifunza tabia za nyoka, namna ya kuwakamata na dawa za aliyeumwa. Katika nchi ya wakulima na wafugaji wanaoshinda porini, elimu hiyo ilikuwa ya lazima. Kuwaita wachawi ni kuwakosea heshima.

Dhana: "Soko la samaki nenda muda wowote, na bei ya dagaa ni mdomo wa muuzaji."

Mwaloni, Kirumba, unaenda asubuhi. Hapo utakuta magunia ya dagaa yamepangwa hadi juu, kayabo (sangara wa chumvi) wakifungwa kwenda nchi jirani, na makuli wanaopita na mzigo kichwani. Wakikupigia kelele upishe, pisha kweli.

Bei ya dagaa ina sababu zake, na mojawapo iko angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa: wanafuata mwanga, kisha wavu unawazunguka. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haina nguvu, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi wengi hupumzika mpaka giza lirudi. Sokoni wanapungua na bei inapanda. Msimu wa mvua nao unasumbua, kwa sababu wanakaushwa juani. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mama wa watu, kumbuka mwezi wa jana usiku.

Ukinunua, wachukue kiganjani. Waliokaushwa vizuri juu ya vichanja wanang'aa kama fedha, hawaachi mchanga mkononi, na ukimkunja mmoja anakatika. Walioanikwa chini utawajua ukitafuna.

Kwa samaki wakubwa, kataa wachanga. Sheria hairuhusu kuvua sangara wa chini ya sentimita 50 wala sato wa chini ya 25, na mnunuzi anayewachukua ndiye anayeufanya uvuvi huo ulipe. Sangara mwenyewe, ambaye wengi humdhani ni wa asili hapa, aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na aliwamaliza furu, samaki wadogo wa asili, wengi sana.

Dhana: "Maji ni safi, ogelea tu."

Hili nalisema kwa msisitizo. Ziwa Victoria lina kichocho. Vimelea hutoka kwa konokono wa maji ya kina kifupi, hasa penye majani, na hupenya ngozi hata ukisimama tu kwenye maji ya magotini. Dalili zinaweza kuja wiki kadhaa baadaye, ukiwa umesharudi kwenu. Watoto wako wakae mchangani. Kama mmeshaingia, mweleze daktari. Dawa ipo na inatibu.

Dhana: "Saanane inakula siku nzima."

Boti kutoka Capri Point hadi kisiwa hiki ni dakika chache. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo kuliko zote nchini, na asubuhi moja inatosha kupanda mawe na kuwaona pimbi.

Dhana: "Ununuzi wa maana uko mall."

Rock City Mall ni nzuri ukitaka kiyoyozi. Vitenge na vitu vya kila siku vitafute Soko Kuu na Makoroboi, mitumba Mlango Mmoja. Mchana watu hubanana, begi liwe mbele.

Dhana: "Samaki wabichi huwezi kusafiri nao."

Unaweza. Nunua siku ya mwisho, wagandishwe, wafungwe kwenye boksi lisilovuja. Kama unarudi kwa ndege, uliza masharti ya shirika lako kabla hujalipia.