Kuelea si kuruka

Mezani kwetu hapa Kigoma tunapocheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika wa kubuni, kila mchawi akishafika uchawi wa daraja la pili, ukiwemo wa kuelea, hutaka kuvuka Ziwa Tanganyika kupitia angani, kutoka Ujiji hadi Kongo. Haiwezekani. Kwa kanuni za Dungeons & Dragons za mwaka 2014, uchawi wa kuelea hupandisha na kushusha tu: hadi futi 20 kwa zamu, yaani mita 6 hivi, kwa muda usiozidi dakika 10, mradi umakini wako usivunjike. Ukitaka kwenda mbele, lazima ushike kitu kilichosimama imara, ukuta au tawi, ujivute kama anayekwea. Kwenye miembe ya Ujiji utasogea. Juu ya maji matupu utaning'inia tu, shabaha safi ya mishale.

Kuruka kwenyewe ni uchawi mwingine, wa daraja la tatu. Huo ukikuishia ukiwa juu, unaanguka. Wa kuelea hukushusha taratibu.

Mimi naona utamu wake uko kwa adui. Askari wa upanga asiyezidi ratili 500 akishindwa kuupinga, anabaki juu akikata hewa. Akiwa na upinde, hapo umejipalia makaa.