Ufa wa Mai Mahiu Haukuwa Bara Kupasuka

Tangu Machi 2018, picha za ule ufa uliokata barabara ya Mai Mahiu–Narok nchini Kenya husambazwa kama ushahidi kwamba Afrika ilipasuka mara moja. Sivyo. Wanajiolojia wengi wanaeleza kuwa mvua kubwa ilisomba majivu laini ya volkano yaliyojaza nyufa za kale, ardhi ikatitia. Wakazi wanastahili kuambiwa hilo, maana hatari iliyo karibu nao ni udongo unaobomoka.

Bara linaachana kweli, ila polepole mno: vipokezi vya GPS vilivyokitwa pande zote mbili za Bonde la Ufa vinaonyesha mwendo wa milimita chache kwa mwaka.

Ardhi inaposogea ghafla, setilaiti huona. Julai 2007 matetemeko yaliutikisa mlima Gelai, kaskazini mwa Tanzania, hadi yakasikika Nairobi. Wataalamu walilinganisha picha za rada za kabla na za baada. Zilionyesha ardhi imetanuka, sehemu nyingine imeshuka, huku magma (mwamba ulioyeyuka) ikipenya chini kwa chini bila kutokeza juu. Miezi michache baadaye jirani yake, Oldoinyo Lengai, ulilipuka.