Malengelenge ya mdomoni na ya sehemu za siri: je, ni kirusi kilekile?

Swali: Mume wangu hutokwa na malengelenge mdomoni tangu utotoni. Sasa yamenitoka mimi sehemu za siri, naye ananituhumu kwamba nimetoka nje ya ndoa. (Mama, Masasi)

Jibu: Mama, mahali kidonda kilipo hapamtii mtu hatiani. Kirusi cha herpesi simpleksi, kiletacho malengelenge ya namna hii, kina aina mbili: ya kwanza kwa kawaida hushika mdomo na kujificha katika mafundo ya neva za uso, na ya pili hushika sehemu za siri na kujificha katika mafundo ya neva karibu na sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Hata hivyo, aina ya kwanza huambukiza sehemu za siri pia, hasa kwa ngono ya mdomo, tena hata wakati ambapo mdomoni hakuonekani kidonda chochote. Kirusi kilichokupata chaweza kabisa kuwa cha mumeo mwenyewe, na ni vyema nyote wawili mwende kituo cha afya kabla maneno hayajaivunja nyumba.

Swali: Wataalamu hutambuaje kama virusi vya sehemu mbili za mwili ni kimoja?

Jibu: Husoma vinasaba vyake. DNA, yaani molekuli inayobeba vinasaba hivyo, huandikwa kwa viungo vya kikemikali viitwavyo herufi: ya aina ya kwanza ina jozi za herufi zipatazo 152,000, na ya pili zipatazo 155,000. Tangu miaka ya 1970 watafiti waliikata kwa vimeng'enya (protini zinazokata DNA mahali maalumu) na kulinganisha vipande. Leo huisoma herufi kwa herufi. Virusi vya watu wasiohusiana hutofautiana mahali pengi, hasa katika vipande vinavyojirudia, ilhali vya mdomoni na vya sehemu za siri za mtu mmoja mara nyingi hulingana, ingawa mtu aweza kubeba zaidi ya kimoja. Virusi vya aina ya kwanza vilivyochukuliwa Kenya vimeonyesha tofauti nyingi kuliko vya Ulaya, na kwa maoni yangu hiyo ni sababu tosha ya kuvichunguza zaidi vya kwetu.

Swali: Nabangua korosho Newala, na vidole vimetoka malengelenge. Je, ni herpesi?

Jibu: Huenda ni mafuta ya ganda la korosho, ambayo huunguza ngozi popote yanapogusa. Herpesi ya kidole hutoa vilengelenge vidogo vilivyosongamana, vyenye maumivu makali, na huweza kurudi palepale. Usivitumbue, mhudumu wa afya aweza kuchukua majimaji yake yapimwe.

Swali: Kuijua aina kuna faida gani, ikiwa dawa ni moja?

Jibu: Ni kweli kwamba asiklovia hutumika kwa aina zote mbili. Lakini aina ya kwanza ikiwa sehemu za siri hurudi mara chache kuliko ya pili, na mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo. Kwa mjamzito, hatari kubwa kwa mtoto ni pale mama anapoambukizwa kwa mara ya kwanza karibu na kujifungua, kwa kuwa mtoto hajapata kinga kutoka kwake. Mama wa namna hiyo amweleze muuguzi wa kliniki mara moja, hata kama kidonda ni kimoja na kidogo.