Je, wajua kwa nini divai ya embe hukataa kutakata?

Msimu wa maembe ukifika Malindi, kuanzia Novemba hivi, ngowe na boribo hudondoka usiku na kupasuka, na asubuhi ua mzima hunukia. Jirani yangu wa Muyeye alichoka kuyatupa. Akayamenya, akasaga rojo, akalichemsha "liwe safi", lilipopoa akatia sukari, ndimu na hamira. Baada ya miezi mitatu akanifungulia chupa. Harufu ya embe ilikuwapo, ukali ulikuwapo, lakini mlikuwa na ukungu wa manjano kama sharubati. Alikwisha kuichuja kwa kitambaa mara tatu, wapi!

Kosa lilianzia kwenye sufuria. Nyama ya embe ina pektini, gundi inayoshikanisha chembe za tunda. Ndiyo inayoifanya jemu igande. Sasa tazama alivyofanya jirani: tunda, sukari, ndimu, moto. Alikuwa anapika jemu bila kujua! Joto huichomoa pektini kwenye kuta za chembe ikaenea majini, na joto hilohilo huua vimeng'enya vya embe lenyewe ambavyo vingeikatakata. Kitambaa hakiikamati kwa kuwa ni ndogo kuliko matundu yake.

Ukitaka kuiona kwa macho, tia kijiko kimoja cha divai katika glasi, kisha vijiko vinne vya spiriti ya kusafishia vidonda, utikise polepole. Pektini haipatani na alkoholi kali. Hujikunyata ikawa nyuzinyuzi na madonge. Ya jirani ilijaa ute kama wa yai. (Ukishaona, mwaga. Spiriti hiyo ni sumu.)

Utaniuliza, mbona tembo la mnazi ni jeupe kama tui na hakuna anayelalamika? Weupe ule si pektini. Maji yanayotoka kwenye panda la mnazi huanza yakiwa maangavu, kisha hamira na bakteria huzaliana humo hadi yageuke meupe. Ukiliacha litulie, mashapo yataanza kushuka chini. Ila nani atalisubiri, na kesho lishakuwa siki?

Basi dawa ya embe ni kutolipika. Saga likiwa bichi. Ukiligandisha kwanza kwenye friza ni bora zaidi, kwa sababu barafu hupasua chembe na maji hutoka kwa wingi. Vijidudu vya nje huzuiwa kwa kidonge cha salfaiti, kimoja kwa kila lita 4.5, kisha ungoje saa 24. Halafu tia unga wa pektinezi, kimeng'enya kinachoikata pektini, uache ukae usiku kucha kabla ya kutia hamira, maana kileo kikishaingia hupunguza kasi yake. Sukari itahitajika pia: gramu 17 hivi katika lita moja huzaa asilimia moja ya kileo, na embe bivu peke yake, likishaongezwa maji, halifikii nguvu ya divai.

Wapikaji wa bia ya ngano wanaoitia embe hawajali ukungu, kwani bia yao huzaliwa nao. Shida yao ni harufu. Gesi ya siku za mwanzo hutoka kwa fujo na kuondoka na manukato ya tunda, kwa hiyo wao hungoja povu la kwanza lishuke ndipo watie rojo, gramu 100 hadi 200 kwa lita. Sukari ya embe huiamsha hamira upya, rojo likapanda juu kama kofia. Acha theluthi ya ndoo tupu, na usifunge chupa mpaka viputo viishe kabisa.

Jirani alirudia mwaka uliofuata, safari hii bila moto, lakini akafunga chupa mapema. Mbili zilipasuka kabatini, na mkewe bado anasugua manjano ukutani. Nne zilizosalia zilitakata hata ungeweza kusoma gazeti kupitia kwenye chupa.